Kwanini sukari tunapima nyumbani kwa sekunde 5 ila malaria mpaka leo hakuna mashine ya hivyo?

#1 Mwana Muheza

Habari wakuu. Bimkubwa wangu ana kisukari mwaka wa tisa huu, mashine ya kupimia ipo juu ya kabati, anajitoboa kidole mwenyewe, tone dogo tu, anahesabu mpaka tano namba imeshatoka. Wiki iliyopita saa sita usiku homa ikampanda, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Tukapima sukari ikasoma 7.2, tukajua tatizo sio sukari. Sasa malaria tunaijuaje? Hapo ndo ikabidi bodaboda, tumepanda mshikaki mgonjwa tumemuweka katikati, kilomita kumi na kitu za vumbi. Kufika kituoni wakampima kwa kile kijiti cha mistari, hamna kitu, tukapewa Panadol tukarudi. Kesho yake homa ileile, tukaenda maabara nyingine wakaangalia kwa mikroskopu wakasema wadudu wawili, akaanzishiwa dawa ya malaria ya mseto, sasa hivi anakula.

Swali langu ni hili. Kidole ni kilekile, damu ni ileile. Kwanini ile mashine inaisoma sukari ila malaria haisomi? Nani kashindwa au nani anazuia? Nimekaa na hili jambo wiki nzima silipatii jibu.

#2 Kasuku Mweupe

Pole kwa bimkubwa mkuu. Nakaa mkao wa kula nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Redio

Mkuu mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, nimeshafungua hizo mita tatu zilizokufa, ndani kuna ubao mdogo, chipu moja, betri na kioo, basi. Kazi yote iko kwenye ile stripu. Pale wamechapa elektrodi, yaani njia ya umeme, kwa wino wa kaboni, juu yake wakapaka enzaimu, protini inayochakata kitu, inaitwa glukosi oksidesi. Damu ikiingia, enzaimu inanyofoa elektroni kwenye sukari, kuna kemikali ya kati inazibeba mpaka kwenye elektrodi, mashine inatia volti kidogo inasoma mkondo. Sukari ikizidi na mkondo unazidi. Wazo lenyewe la kuweka enzaimu kwenye elektrodi ni la Clark na Lyons, Marekani 1962. Waingereza wa Cranfield na Oxford wakaja na kibebaji cha ferosini 1984, na 1987 ikatoka ExacTech, mita yenye umbo la kalamu.

Kwahiyo mashine ipo, kilichokosekana ni stripu yenye kitu kinachomshika mdudu wa malaria. Na mimi naona hapo ni biashara tu imewafanya wasiitengeneze.

#4 Dada wa Slaidi

Fundi umeeleza vizuri ila nikurekebishe kidogo, stripu nyingi za siku hizi hazitumii tena oksidesi, zinatumia glukosi dihaidrojinesi, kwa sababu ile ya zamani inasumbuliwa na oksijeni iliyomo kwenye damu.

Sasa kwenye biashara sikubaliani na wewe. Mimi niko maabara mwaka wa kumi na moja, nasoma slaidi mpaka macho yanauma. Tatizo la kwanza ni hesabu. Sukari ya kawaida, tuseme 5 kwenye mita ya bimkubwa, ni kama miligramu 900 kwenye lita moja ya damu. Antijeni ya malaria, yaani ile protini ya mdudu ambayo kijiti kinaitafuta, HRP2, kwa mgonjwa mwenye wadudu wachache unaongelea mikrogramu chache tu kwenye hiyo lita. Gawanya mwenyewe, sukari ni nyingi zaidi ya mara laki moja. Ile mashine inachota maji ziwani, sisi tunatafuta umande.

#5 Bichwa Ngumu

Dada wa Slaidi umande tena, leo umeamka na mashairi 😂

Ila mi naomba nieleweshwe hao "wadudu wawili". Damu lita tano mwilini halafu wadudu wawili tu ndo wanamlaza mtu mzima? Nimeshawahi kuambiwa nina wadudu watano nikajiuliza nani kawahesabu wote.

#6 Dada wa Slaidi

@Bichwa Ngumu swali zuri na watu wengi hawalijui. Hatuhesabu damu yote. Kwenye slaidi nene tunahesabu wadudu mpaka tufikishe chembe nyeupe 200. Tunachukulia kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwenye mikrolita moja, kwahiyo kila mdudu uliyemuona unamzidisha kwa 40. Wadudu wawili wa bimkubwa ni 80 kwa mikrolita. Na mikrolita moja ina chembe nyekundu kama milioni 5. Yaani ni chembe moja mbovu kati ya elfu sitini na zaidi.

Kile kijiti cha mistari, mRDT, kikiwa kizuri kinapimwa uwezo wake kwenye wadudu 200 kwa mikrolita. Chini ya hapo kinaweza kuona, kinaweza kukosa. Kwahiyo Mwana Muheza waliokupima mara ya kwanza si lazima walikosea, walikuwa wanatafuta kitu kilicho chini ya uwezo wa kifaa chao.

Hapa lazima niseme ukweli unaoniuma. Kuna maabara nimepita mtu anaandika namba bila kuhesabu hizo chembe nyeupe, anaona mmoja anaandika mmoja, wengine wanaona uchafu wa rangi wanaandika wawili. Namba bila hesabu haina maana yoyote na mgonjwa anameza dawa.

#7 Mwana Muheza

Asante sana dada, leo ndo nimejua hiyo mara 40. Sasa umenitia wasiwasi mwingine, kama wale hawakuhesabu je? Sijui kama bimkubwa alikuwa na malaria kweli.

#8 Nesi Zamu ya Usiku

Nami nilitaka kuuliza hilohilo. Homa zina tabia ya kuisha zenyewe siku ya tatu ya nne, mtu akiwa kashaanza mseto basi sifa inaenda kwa mseto. Mama mwenye kisukari mwenye homa na kutetemeka mimi ningetaka pia kujua habari ya mkojo, UTI kwao ni kitu cha kila siku. Alipimwa mkojo?

#9 Mwana Muheza

Hakupimwa mkojo.

#10 Mchuuzi Kariakoo

Narudi kwa Fundi Redio, mimi nauza vifaa tiba na nasimama na wewe kwenye biashara. Mtu wa kisukari ni mteja wa maisha, ananunua boksi la stripu 50, likiisha anarudi, mwezi hadi mwezi. Mita yenyewe wengine wanaitoa karibu bure, hela iko kwenye stripu. Mtu wa malaria anapima mara moja mbili kwa mwaka, na anayenunua kile kipimo sio yeye, ni serikali na wafadhili, wananunua kwa mamilioni wanabana bei mpaka kijiti kimoja kinakuja chini ya dola moja. Hapo nani ataleta mashine yenye betri na kioo ashindane na karatasi na plastiki? Nionyesheni kampuni itakayokubali.

#11 Kemia Kavu

Wakuu habari za jioni, nimesoma toka mwanzo nimeshindwa kupita kimya. Mimi tasnifu yangu ya masters ilikuwa hii hii, sensa ya elektrokemia ya malaria, yaani kitambuzi kinachomsoma mdudu kwa umeme. Miaka miwili ya maisha yangu imo humo kwahiyo mniruhusu niandike kirefu.

Sensa za hivi zimeshatengenezwa maabara nyingi duniani na sio siri. Unachukua elektrodi ya kaboni iliyochapwa, unapandikiza kingamwili inayomshika HRP2 au pLDH, protini nyingine ya mdudu, unaweka sampuli, unaosha, unaweka kingamwili ya pili iliyofungwa enzaimu ya HRP, unaosha tena, unaweka haidrojeni peroksaidi na kemikali inayooksidika, unasoma mkondo. Au unaacha enzaimu unatumia aptama, ni kipande cha DNA kilichochaguliwa kinachomng'ang'ania pLDH, halafu unapima upinzani wa elektrodi unavyopanda kadri protini zinavyokaa juu yake. Mimi nilitumia hiyo ya pili na chembe ndogo za dhahabu.

Kwenye bafa, yaani maji ya chumvi safi, nilipata grafu iliyonyooka kama rula, nikashuka mpaka viwango ambavyo mRDT haiviwezi, nililia kwa furaha. Halafu msimamizi akasema sasa weka damu. Nikaweka damu ya mtu mzima asiye na malaria na upinzani ukapanda vilevile kama mwenye malaria. Ni albumini hiyo, na chembe zilizopasuka, kila protini iliyomo inakaa juu ya elektrodi na sensa haijui nani ni nani. Glukosi dihaidrojinesi haijali albumini, inachagua sukari inaichakata, elektroni zinatoka maelfu kwa maelfu. Kingamwili inashika mara moja inakaa kimya, haitoi umeme wowote. Kwahiyo Fundi, "kitu kinachomshika mdudu" kipo miaka mingi, ila kushika peke yake hakutoi mkondo.

#12 Bichwa Ngumu

Ngoja ngoja hapo. HRP unaitumia kama enzaimu halafu HRP2 ndo unaitafuta? Si utakuwa unajipima mwenyewe?

#13 Kemia Kavu

Hahaha hapana, hilo jina linachanganya hata wanafunzi. HRP ya kwanza ni enzaimu inayotolewa kwenye mzizi wa mmea mmoja wa Ulaya mkali kama haradali. HRP2 ni protini ya mdudu mwenyewe wa malaria, aina ya falsiparamu, imejaa asidi amino ya histidini. Zimegongana herufi tu.

#14 Fundi Redio

Kemia Kavu heshima yako. Ila nauliza, pLDH si ni enzaimu ya mdudu? Kwanini msiitumie kama ile ya sukari, umpe chakula chake utoe elektroni, hamna kingamwili hamna kuosha?

#15 Kemia Kavu

Fundi swali hilo ungelileta siku ya utetezi wangu ningekukumbatia. Inawezekana na watu wanajaribu. Mdudu anapenda kemikali moja inaitwa APAD kuliko LDH ya binadamu inavyoipenda, na kipimo cha rangi cha namna hiyo kipo tangu miaka ya 1990. Shida iko hapa, pLDH imefungiwa ndani ya chembe nyekundu, ili uitoe lazima uipasue chembe. Ukizipasua chembe milioni 5 ili uwapate hao 80, zile nzima zote zinamwaga LDH ya binadamu, na ni nyingi kupita kiasi. Hata kama ya binadamu inaipenda APAD kidogo tu, wingi wake unakuzidi.

#16 Nesi Zamu ya Usiku

Kuna kitu hamjakigusa nyie wa mashine. Mgonjwa wa homa anakuja kwangu tayari ameshameza Panadol. Wote. Hata mtoto wa miezi sita. Je hiyo haiingilii? Maana tulifundishwa kwenye mita za sukari paracetamol inaweza kudanganya.

#17 Kemia Kavu

Nesi umepiga penyewe. Paracetamol inaoksidika kwenye elektrodi yenyewe bila kuhitaji enzaimu, inatoa mkondo wa bure. Vitamini C hivyohivyo, na asidi ya yuriki ambayo kila mtu anayo. Ndo maana tunajitahidi kusoma kwenye volti ndogo ambayo hizo hazijaamka. Ila machapisho mengi wanatia sampuli ya damu safi ya mtu mzima wanaongeza antijeni ya kununua, hawajaribu damu ya mtu aliyelala na Panadol mbili na chungwa. Mimi mwenyewe sikujaribu na sasa najuta.

#18 Dada wa Slaidi

Na upungufu wa damu. Mita za sukari zinategemea chembe nyekundu ziwe za kawaida, zikipungua majimaji yanapita haraka zaidi kwenye stripu na namba inasoma juu kuliko ukweli. Sasa malaria yenyewe ndo inakula damu, watoto tunaowapokea na malaria kali damu imeshuka na sukari imeshuka vilevile, halafu mita inamuonyesha mtoto ana sukari afadhali kumbe anazama. Sensa yoyote mtakayotengeneza kwa ajili ya malaria itakutana na damu nyepesi ya namna hiyo, sio damu ya wanafunzi wa chuo.

#19 Masaka Njiapanda

Mimi ni Mganda naishi Mutukula mpakani, Kiswahili changu mnivumilie. Mbona mnaongea kama hakuna mashine? Hapa Uganda Brian Gitta na wenzake wametengeneza kifaa kinaitwa Matibabu, hata kutoboa kidole hakuna, unaingiza kidole tu. Alipata tuzo kubwa ya uhandisi Afrika 2018 kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Waswahili hata jina la lugha yenu hamjui?

#20 Fundi Redio

Hongera kwao kwa dhati kabisa, na jina wametuheshimu. Ila mkuu ile si ya elektrokemia, inatumia mwanga na sumaku. Mdudu akila hemoglobini anaacha kinyesi cha fuwele kinaitwa hemozoini, kina chuma, kinavutwa na sumaku. Ni njia nyingine kabisa.

#21 Kemia Kavu

Naongezea kwa Fundi, hemozoini inaonekana vizuri wadudu wakikomaa. Wale wachanga wa umbo la pete, ndo wanaozunguka kwenye damu ya kidole kwa falsiparamu, fuwele zao ni kidogo sana. Waliokomaa wanajibanza kwenye mishipa midogo ya ndani. Sisemi haitafanya kazi, nasema nao wana mlima wao.

#22 Masaka Njiapanda

Sawa, nimeelewa. Lakini walijaribu na wewe bado uko kwenye bafa 😀

#23 Kemia Kavu

Kweli kabisa, wao wametoka nje ya maabara.

#24 Mtu wa Pangani

Assalam aleikum. Mada ni malaria ila nataka niwakumbushe matende na mabusha, sisi wa pwani ndo yametula. Mimi nilikuwa mdogo miaka ile, timu ya wapimaji inakuja kijijini saa nne usiku, taa za chemli, watu wamepanga foleni na usingizi, watoto wanalia, wanatobolewa kidole. Mchana hawakuja kwa sababu vile vijiminyoo vinatoka kwenye damu ya nje usiku tu, kuanzia saa nne mpaka saa nane hivi, kufuata muda wa mbu. Mchana unaweza kupima mtu mwenye busha la kilo tano usione kitu. Baba yangu alikataa kuamka usiku mara mbili, hakupimwa, mguu wake nilikuja kuuosha mimi mpaka anafariki.

Siku hizi wanatumia stripu ya antijeni, hiyo inaona mchana na usiku. Kwahiyo msiidharau karatasi. Karatasi imetuondolea foleni ya usiku, na kama elektrodi itakuja na iwasaidie watu wa namna hiyo kwanza kabla ya wa mjini.

#25 Kasuku Mweupe

Pole sana mzee wangu wa Pangani. Hii imenigusa.

#26 Mbukavu

Jambo ba ndugu. Mimi niko Bukavu, niliwahi kufanya kazi na timu za malale upande wa Bandundu. Kule timu inazunguka vijiji, inapima damu kwa kipimo cha kingamwili, kadi ile inaitwa CATT ya tangu 1978 na sasa kuna vijiti pia, halafu mwenye kuonekana anaendelea kutafutwa mdudu kwa mikroskopu. Shida tuliyoiona ni hii: wagonjwa wamepungua sana, na kadiri wanavyopungua kipimo kinachokosea kidogo tu kinakupa watu wengi wa uongo kuliko wa kweli. Sensa ya umeme yenye kuona vitu vidogo sana, itaona na visivyokuwepo. Na kule Kongo ya msitu kuna Loa loa, mdudu wa jicho, huyo anadanganya hata ile stripu ya matende aliyoisifu baba wa Pangani, inasoma ndiyo kumbe ni Loa. Kabla ya kutaka kuona zaidi mjiulize kitu kinaona nini.

#27 Unguja Ukuu

Mbukavu nimekuelewa ila kwetu Zanzibar hali ni tofauti. Malaria imeshuka chini ya asilimia 1 miaka mingi sasa, tunafuata kesi moja moja. Mgonjwa akipatikana kituoni, mtu wetu anamfuata mpaka nyumbani anapima wote wa nyumba ile. Sasa wale wa nyumbani hawaumwi, wadudu wao ni wachache kuliko hata wale wawili wa Muheza, mRDT inasema hamna, tukipeleka damu kwenye PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta DNA ya mdudu, wanatoka. Hao ndo mbu anakula kwao. Mimi nataka sensa inayoona wadudu 5 kwa mikrolita, mlangoni pa nyumba, kabla sijapanda pikipiki kuondoka. Ikikosea kwa mmoja na akameza dawa bure naona afadhali kuliko kumuacha.

#28 Nesi Zamu ya Usiku

Mimi sio afadhali. Ukimwambia mtu ana malaria hatutafuti tena kingine. Nimeshaona homa ya uti wa mgongo imeitwa malaria siku nne.

#29 Unguja Ukuu

Ila nesi wangu hawaumwi hao, nimesema.

#30 Nesi Zamu ya Usiku

Ni kweli, nimesoma haraka. Kwa wasioumwa nakubali nusu.

#31 Mjuaji Mpole

Mbona hamjaongelea wadudu waliopoteza HRP2? Peru Amazoni iliripotiwa 2010, halafu Eritrea wakakuta ni wengi mpaka 2016 wakaachana na vijiti vya HRP2. Labda bimkubwa alipata wa hivyo, kijiti kikanyamaza mikroskopu ikaona.

#32 Dada wa Slaidi

Inawezekana lakini hapa Tanzania waliochunguza wamekuta ni nadra. Mimi kwa wadudu 80 siendi mbali hivyo. Inaweza pia kuwa aina nyingine ya mdudu, malariae au ovale, kijiti cha HRP2 peke yake hakiwaoni hao kabisa, bila kupotea gene yoyote. Kwenye majibu waliandika aina ya mdudu?

Na niseme kitu kwa wapenzi wa mashine: ukiweka kingamwili ya HRP2 kwenye elektrodi ya dhahabu, mdudu asiye na HRP2 ataipita vilevile kama anavyoipita karatasi. Na aliyepona ataendelea kusoma anaumwa wiki kadhaa maana hiyo protini inabaki kwenye damu muda mrefu, tena kwenye sensa kali itabaki muda mrefu zaidi.

#33 Mchuuzi Kariakoo

Naona wote mnaniruka. Kuna mashine ya mkononi inaitwa i-STAT, inapima troponini, protini ya moyo, kwa damu kidogo, na ni elektrokemia na kingamwili, na kuosha inajiosha yenyewe ndani ya katriji. Kwahiyo tatizo la Kemia Kavu la kuosha limeshatatuliwa na wenye hela. Tatizo ni katriji bei yake na inataka friji. Nani ana friji inayokaa na umeme usiku kucha huko zahanati? Turudi kwenye hela.

#34 Kemia Kavu

Mchuuzi hapo umenibana, ni kweli, imewezekana. Na kuna wengine 2011 kule Illinois, Xiang na Lu, walifanya kitu ambacho Mwana Muheza atakipenda. Walitumia mita ya sukari ya dukani kama ilivyo. Unafunga enzaimu ya invatesi kwenye kile kinachomtambua unayemtafuta, unaweka sukari ya mezani, invatesi inaikata inatoka glukosi, mita inasoma. Enzaimu moja inakata molekuli nyingi sana kwahiyo umande wa Dada unakuwa ndoo.

#35 Mwana Muheza

Sasa si ndo hiyo!! Mita ya bimkubwa ipo. Nani anauza hiyo invatesi?

#36 Fundi Redio

Subiri kwanza. Damu ya bimkubwa ina sukari yake tayari, 7.2. Mita itajuaje ipi ya mwilini ipi ya invatesi?

#37 Kemia Kavu

Ndo hapo Fundi. Lazima uoshe damu yote itoke kwanza. Tumerudi kwenye kuosha, saa sita usiku, Muheza, kwenye taa ya simu.

#38 Bichwa Ngumu

Mimi naona mkiungana Fundi na Kemia Kavu mtafika. Mmoja ana mkono mwingine ana kichwa.

#39 Fundi Redio

Mi nipo tayari. Kuna mchoro wa potenshiosteti, ile mashine ya kutia volti na kusoma mkondo, ulitolewa bure 2011 unaitwa CheapStat, vifaa vyake chini ya dola 80, nimeuangalia naweza kuuchonga. Kemia Kavu elektrodi zako ziliishia wapi?

#40 Kemia Kavu

Zipo kwenye droo nyumbani, kama arobaini hivi, nyingine zimeshika unyevu maana vifuko vya kukausha vimeisha nguvu. Nimeogopa kuzitupa. Nikutumie kumi?

#41 Fundi Redio

Tuma hata tano. Naanza na damu yangu mwenyewe, nimeze Panadol kwanza nione inavyodanganya.

#42 Nesi Zamu ya Usiku

Mbili tu Fundi, na usirudie kabla ya masaa sita.

#43 Mwana Muheza

Wakuu nimefuatilia ushauri. Jana nimempeleka bimkubwa kupima mkojo, wamekuta usaha kidogo, wamempa dawa. Kwahiyo sasa sijui ilikuwa malaria, ilikuwa mkojo, au vyote. Nimerudi na kwenye ile maabara nikawauliza kama waliandika aina ya mdudu, hawakuandika. Nikauliza slaidi, yule kijana akatafuta kwenye boksi akaipata, ina namba ya bimkubwa. Amekubali kunipa.

#44 Dada wa Slaidi

Vizuri sana. Usiisugue wala kuipangusa, ule upande wenye damu unabanduka. Ifunge kwenye karatasi laini uiweke kwenye boksi gumu isivunjike. Tafuta msomaji mwingine, usimwambie wa kwanza aliona nini, na mwambie ahesabu mpaka chembe nyeupe 500 sio 200.

#45 Mwana Muheza

Nimeiweka kwenye boksi la zamani la stripu za sukari, imeenea. Jumatatu naipeleka Tanga mjini.